Ugonjwa wa utumbo nyeti hudumu muda gani: mwongozo wa kuhesabu miaka, siku na wiki

Swali ambalo mwenye ugonjwa huu humuuliza daktari, mara nyingi akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango, ni hili: "Sasa hili tumbo litaniacha lini?" Jibu la mkato halipo, kwa sababu ndani ya swali hilo yamo maswali matatu, na kila moja lina kalenda yake. Ugonjwa wenyewe huhesabiwa kwa miaka. Kuamka kwake, yaani zile nyakati ambazo maumivu, gesi, kuharisha au choo kigumu huzidi, huhesabiwa kwa saa na siku, na mara nyingine kwa wiki. Tiba nayo ina muda wake wa kuonyesha kama inakufaa au haikufai. Anayezichanganya kalenda hizi huacha dawa nzuri siku ya tano kwa kuona haijafanya kitu, au hujiona amekwisha kwa sababu ya wiki moja mbaya.

Kiswahili bado hakijaupa ugonjwa huu jina moja. Hospitalini huandikwa kwa herufi tatu, IBS. Hapa nitauita ugonjwa wa utumbo nyeti, kwa kuwa ndivyo ulivyo: ukichunguzwa kwa kamera utumbo hauonyeshi kidonda wala uvimbe, lakini mishipa yake ya fahamu husikia kwa ukali mambo ambayo utumbo wa mtu mwingine hauyasikii, na misuli yake husukuma chakula kwa haraka mno au kwa uvivu mno. Kasoro iko katika mawasiliano baina ya utumbo na ubongo. Maumivu ni ya kweli kabisa, hata kama picha ni safi.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kwamba ndio ugonjwa wenyewe

Hatua hii nitaikalia, kwa sababu kuhesabu siku za ugonjwa usio wako ni kupoteza muda, na pengine ni hatari.

Vigezo ambavyo madaktari wengi duniani huvitumia ni vile vinavyoitwa vya Roma, toleo la nne, vilivyotolewa mwaka 2016. Vinataka mgonjwa awe na maumivu ya tumbo yanayojirudia, kwa wastani angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, na maumivu hayo yaandamane na mambo mawili au zaidi kati ya haya: yanahusiana na kwenda haja kubwa, idadi ya safari za chooni imebadilika, au sura ya choo imebadilika. Zaidi ya hayo, dalili ziwe zilianza angalau miezi 6 kabla. Msomaji ataona kwamba muda ni sehemu ya utambuzi wenyewe. Mtu ambaye tumbo limemsumbua wiki tatu tu hawezi kuambiwa kwa uhakika kuwa ana utumbo nyeti. Ana tumbo linalohitaji kutafutiwa sababu.

Katika Afrika Mashariki sababu za kutafutwa ni nyingi kuliko zile zinazotajwa katika vitabu vya Ulaya. Wapo vijidudu vya giardia na amiba. Kipo kichocho cha utumbo, hasa kwa waliokulia kandokando ya Ziwa Victoria na kuogelea humo, ambacho huweza kuleta maumivu na damu kwenye choo, na ambacho kina dawa yake. Kifua kikuu nacho huweza kushika utumbo badala ya mapafu, na kuharisha kusikokoma ni sababu tosha ya kupima virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo, kabla ya kukubali jina la utumbo nyeti, ni haki yako kuomba choo kipimwe kwa hadubini, damu ipimwe wingi wake na dalili za uvimbe mwilini, na, pale maabara inapoweza, kupimwa ugonjwa wa siliaki, ambao ni mwili kuikataa protini ya ngano, pamoja na kipimo cha choo kiitwacho kalprotektini, ambacho husaidia kutofautisha utumbo nyeti na utumbo wenye uvimbe wa kweli.

Hapa niseme jambo ambalo huniudhi. Wako watu wengi ambao kila tumbo likiamka hununua metronidazoli dukani kwa ajili ya "amiba", mwezi unaofuata wakatibiwa "taifodi" kwa kipimo kimoja cha haraka cha damu, na mwezi wa tatu wakaambiwa ni vidonda vya tumbo, bila choo chao kupimwa hata mara moja. Kwa kuwa utumbo nyeti hutulia wenyewe baada ya siku kadhaa, kila dawa iliyonywewa siku hizo hupewa sifa ya uponyaji, na mzunguko unaanza upya. Vidonda vya tumbo, kwa kawaida, huuma juu ya kitovu na maumivu yake hufuata njaa na kula. Ya utumbo nyeti hufuata choo, na mara nyingi hupungua au hubadilika mtu akishatoka chooni.

Dalili zifuatazo hazihesabiwi siku. Zikitokea, nenda hospitali: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kukusudia, homa, upungufu wa damu, kuamshwa usingizini na kuharisha, uvimbe unaoshikika tumboni, au dalili zilizoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50. Vivyo hivyo ikiwa ndugu wa damu amewahi kuwa na saratani ya utumbo mpana au ya ovari. Mwanamke aliyepita umri huo ambaye tumbo limeanza kujaa na halishuki asiridhike na jina la utumbo nyeti kabla ovari zake hazijachunguzwa.

Hatua ya 2: Ielewe kalenda ya miaka

Ukishathibitishiwa, ujue kwamba kwa watu wengi ugonjwa huu ni wa muda mrefu, na kwa baadhi ni wa maisha yote. Hilo halina maana kwamba utaumwa kila siku ya maisha hayo. Huja na kwenda: miezi ya utulivu, kisha wiki ya taabu, kisha utulivu tena, na pengine miaka ambayo mtu husahau kabisa kwamba aliwahi kuumwa. Haugeuki kuwa saratani na haupunguzi urefu wa maisha. Sura yake huweza kubadilika njiani, hata yule ambaye miaka ya nyuma alikuwa mtu wa kuharisha akajikuta leo analalamikia choo kigumu, au akawa na vyote viwili kwa zamu. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na wengi wao huona dalili zinazidi siku za hedhi.

Kundi moja lina matumaini makubwa kidogo, nalo ni la wale ambao ugonjwa uliwaanza baada ya maambukizi ya tumbo, kwa mfano kuhara kukali kwa sababu ya maji au chakula kichafu. Takriban mtu 1 kati ya 10 wanaougua hivyo hubaki na utumbo nyeti hata baada ya vijidudu kuondoka. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario nchini Kanada. Mwezi Mei mwaka 2000, baada ya mvua kubwa, bakteria kutoka kwenye samadi ya ng'ombe waliingia katika maji ya mji. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na 7 wakafariki. Watafiti waliwafuatilia wakazi kwa miaka 8. Miaka miwili hadi mitatu baada ya mkasa, karibu asilimia 28 ya waliokuwa wameugua walikuwa na utumbo nyeti. Mwaka wa nane walibaki kama asilimia 15. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya tatizo iliyeyuka, lakini kwa mwendo wa miaka. Kama tumbo lako liliharibika baada ya kuhara kwa namna hiyo, mwambie daktari mwezi na mwaka lilipoanza, kwa sababu habari hiyo hubadilisha jibu la swali lako.

Hatua ya 3: Pima urefu wa kuamka kwako kwa daftari

Kuamka kunadumu muda gani? Kwa mmoja ni saa chache, kwa mwingine ni siku mbili au nne, na kwa mwingine ni wiki kadhaa, hasa pale kichocheo kinapoendelea, kama vile msongo wa kazini, kukosa usingizi, au chakula kile kile kinachorudi mezani kila jioni. Wastani wa watu wengine hautakusaidia sana. Wako mwenyewe utakusaidia, na unapatikana kwa daftari la shule na kalamu, kwa wiki 4.

Kila jioni andika mistari michache: ulikula nini na saa ngapi, maumivu yalianza na kuisha saa ngapi na kwa ukali gani kati ya 0 na 10, ulikwenda chooni mara ngapi, ulilala saa ngapi, umetumia dawa gani, na kama siku hiyo ilikuwa na jambo zito. Wanawake waongeze siku za hedhi. Kuhusu choo, tumia chati ya Bristol, iliyotungwa katika mji huo wa Uingereza na inayogawa choo katika aina 7. Aina ya 1 ni vigololi vigumu kama vya mbuzi na ya 2 ni gogo lenye mabonge. Hizo ni za kufunga choo. Ya 3 na ya 4 ni za kawaida. Ya 5 ni vipande laini, ya 6 ni ujiuji wenye vipande vilivyochanika, na ya 7 ni maji matupu. Ni rahisi zaidi kumwambia daktari "aina ya 6, mara nne, siku tatu" kuliko kujieleza kwa haya na kuzunguka.

Jiwekee pia kanuni ya kusema kuamka kumekwisha. Mimi napendekeza siku 2 mfululizo zenye maumivu yasiyozidi 2 na choo kilichorudi katika hali yako ya kawaida. Bila kanuni kama hiyo, siku moja ya nafuu huhesabiwa kuwa mwisho, na kesho yake mtu huandika kuamka kupya ambako kwa kweli ni kule kule.

Unapolisoma daftari, jihadhari na kosa moja kubwa: kulaumu tonge la mwisho. Tumbo likikaza nusu saa baada ya kula, mara nyingi sababu si chakula hicho bali ni kitendo cha kula chenyewe, kwa kuwa chakula kikiingia tumboni utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma vilivyotangulia, na kwa mwenye utumbo nyeti ishara hiyo huja kwa nguvu. Gesi ya maharage, kinyume chake, huchukua saa kadhaa, maana sukari zake lazima zisafiri hadi utumbo mpana ndipo bakteria wazichachushe. Kwa hiyo angalia milo ya saa 24 zilizopita, na usimhukumu mtuhumiwa mpaka aonekane eneo la tukio mara tatu.

Hatua ya 4: Fanya haya siku tumbo linapoamka

Lengo la siku hizi ni kupunguza ukali na kuzuia kuamka kusirefuke. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa juu ya tumbo hupunguza msokoto. Dawa za kulegeza misuli ya utumbo, kama hayosini au mebeverini, hutumika siku hizi za taabu. Mwenye presha ya macho au shida ya tezi dume amwulize mfamasia kabla ya hayosini. Mafuta ya mnanaa katika vidonge huwafaa wengine, ingawa kwa mwenye kiungulia huweza kukizidisha.

Anayeharisha anywe maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini, na anaweza kutumia loperamidi kwa kipimo alichoelekezwa, isipokuwa kama kuna homa au damu, maana hapo huenda ni maambukizi. Aliyefunga choo aongeze maji na atumie dawa inayolainisha kwa kuvuta maji.

Usifunge kula kwa kuogopa. Tumbo lililokaa tupu siku nzima na kujazwa usiku huamka zaidi. Kula kidogo kidogo na kwa saa zile zile: wali, viazi, samaki wa kuchemsha, yai, uji mwepesi wa mchele. Chai na kahawa visizidi vikombe 3 kwa siku, na soda iache kwanza. Wala usibadilishe mambo kumi kwa siku moja, kwa sababu tumbo likitulia hutajua ni lipi lililolituliza.

Hatua ya 5: Ipe kila tiba wiki zake

Hapa ndipo uvumilivu hukosekana. Anza na mambo mepesi yanayopendekezwa na mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2008: kula kwa utaratibu bila kuruka mlo, kutafuna bila haraka, kunywa angalau vikombe 8 vya kinywaji kwa siku, hasa maji, na matunda yasizidi sehemu 3 kwa siku. Mwongozo huo haupendekezi pumba za ngano, ambazo wengi huambiwa wale "kwa ajili ya choo" na matokeo yake ni gesi. Anayehitaji nyuzinyuzi achague zile zinazoyeyuka, kama oti (oats) au maganda ya ispaghula, ambayo maduka mengi ya dawa za Kihindi huyauza kwa jina la isabgol, akianza na kijiko kidogo na maji mengi.

Hayo yasipotosha, kuna mlo uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, unaopunguza kundi la sukari zinazochachuka ambalo hufupishwa FODMAP. Una awamu tatu. Ya kwanza ni kupunguza vyakula hivyo kwa wiki 2 hadi 6. Kama katika muda huo hakuna nafuu, mlo huu si wako, uache. Ya pili ni kurudisha chakula kimoja kimoja kwa wiki 6 hadi 8 ili kujua kipi hasa kinakuamsha. Ya tatu ni kuishi ukiepuka hivyo tu vilivyothibitika. Kosa la kawaida ni kukwama katika awamu ya kwanza kwa mwaka mzima, mtu akakonda na kuogopa sahani.

Kwa jiko letu mlo huo si mgumu kama orodha za kigeni zinavyoufanya uonekane. Ugali wa mahindi, wali, viazi, mchicha, samaki, nyama, mayai, karanga kiasi, papai, nanasi na chungwa havina shida kwa wengi. Wenye kesi ni maharage, kunde, mbaazi na dengu. Chapati, mandazi na mkate wa ngano. Embe, tikiti maji na ndizi iliyoiva sana. Maziwa, kwa wale ambao miili yao haivunji laktosi, yaani sukari ya maziwa, nao ni wengi miongoni mwa watu wazima wa Afrika. Na juu ya wote, kitunguu maji na kitunguu saumu, ambavyo havikosi katika mchuzi wowote. Sukari za kitunguu huyeyuka katika maji lakini haziyeyuki katika mafuta. Kwa hiyo kaanga vipande vikubwa vya kitunguu saumu katika mafuta, vitoe vyote, kisha endelea na mchuzi: harufu itabaki na sehemu kubwa ya tatizo itakuwa imetoka. Majani mabichi ya kitunguu nayo yanafaa. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe, na umwage maji ya kwanza ya kuchemshia.

Anayejaribu bakteria rafiki wa tumbo ashike aina moja kwa angalau wiki 4 kabla ya kuhukumu. Pale chakula na dawa za kulegeza misuli zinaposhindwa, daktari huweza kuandika amitriptilini kwa kipimo kidogo, kuanzia miligramu 10 usiku. Ndugu wakisoma karatasi ya dawa na kuona ni ya sonona, wasishtuke. Kwa kipimo hiki hutumika kupunguza ukali wa mishipa ya fahamu ya utumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha watu 463 waliotibiwa katika zahanati za kawaida za Uingereza, uliwapa kati ya miligramu 10 na 30 na kuwapima baada ya miezi 6, na waliopewa dawa walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Huleta usingizi, kinywa kukauka na choo kigumu, kwa hiyo humfaa zaidi anayeharisha. Wiki za kwanza utayaona madhara kabla ya faida. Usiipime kabla ya wiki 4, na usiiache ghafla.

Tiba ya mazungumzo inayofundisha kukabili fikra na hofu, pamoja na tiba ya kumtuliza mtu kwa maneno yanayoelekezwa kwenye utumbo, zina ushahidi mzuri, lakini wataalamu wake ni wachache kwetu. Hospitali za rufaa zenye kitengo cha afya ya akili ndiko pa kuulizia.

Hatua ya 6: Tazama mbele kwenye kalenda

Baadhi ya kuamka kunatabirika. Safari ndefu ya basi, mitihani, harusi, na mwezi wa Ramadhani, ambapo mlo mkuu huhamia usiku na futari huanza na kukaanga, tende nyingi na maharage ya nazi. Anayefunga ajaribu kufuturu kwa kiasi kidogo, apumzike, ndipo ale chakula kikuu, na agawe maji yake kuanzia magharibi hadi daku badala ya kuyanywa yote kwa mara moja. Kama kuamka kwa mwaka jana kulikuwa kukali, zungumza na daktari wiki chache kabla mwezi haujaandama.

Hatua ya 7: Rudi kwa daktari na karatasi moja

Usimpelekee daftari zima. Nakili namba nne: tumbo limeamka mara ngapi katika miezi 3 iliyopita, kuamka kurefu zaidi kulikuwa siku ngapi, kulikokuwa kufupi zaidi ni siku ngapi, na kila tiba uliyojaribu uliitumia wiki ngapi. Kuamka kukiwa kulikuwa siku 9 na sasa ni siku 4, tiba inafanya kazi hata kama bado unaumwa, na haitakuwa busara kuibadilisha. Kukiwa kunarefuka mwezi hadi mwezi, au tabia ya maumivu ikibadilika na isifanane na ile uliyoizoea, mwambie hivyo mwanzoni kabisa mwa mazungumzo, kabla hamjafika kwenye dawa. Kabla hujatoka, uliza kuhusu tiba mpya utakayopewa: itapimwa baada ya wiki ngapi, na isipofaa kitakachofuata ni nini. Andika majibu hayo juu ya ukurasa mpya wa daftari, pamoja na tarehe ya kuanza.